VICOBA: marejesho ya watu tisa yamepotea kwenye apu, majina na hisa zipo. Data imeenda wapi?

#1 kijana_wa_kahama
Wakuu habari. Kuna apu niliwaandikia kikundi cha VICOBA huku Kahama, nimetumia Kotlin (lugha ya kuandikia apu) na Room (inatunza databesi ndani ya simu), haipo Play Store, huwa nawatumia apk, lile faili la kuweka apu, kwa WhatsApp. Inatunza wanachama, hisa, mikopo na marejesho. Jumapili kwenye kikao katibu kafungua simu mbele za watu, majina yote yapo, hisa zote zipo, mikopo ipo, ila marejesho ya wanachama tisa hayaonekani kabisa na ya wengine yako sawa. Ingekuwa apu nzima tupu ningejua pa kuanzia lakini hii ya kuchagua watu inanichanganya. Kuna mama alikua anakaribia kumaliza mkopo wa laki tano, sasa apu inamwambia anadaiwa yote na riba juu.
Kinachoniuma zaidi ni minong'ono, kuna watu wanasema katibu kala hela halafu kafuta ushahidi. Yule mama namfahamu, siamini, na sitaki atuhumiwe kabla hatujajua data imeenda wapi. Wiki ile kabla ya kikao nilituma toleo jipya, limeongeza mdhamini wa mkopo na sehemu ya kurekebisha namba ya simu ya mwanachama. Nianzie wapi?

#2 Kiroboto255
Umeweka fallbackToDestructiveMigration. Umepandisha toleo la databesi bila kuandika namna ya kuhama, Room ikafyeka. Kesi imeisha.

#3 FundiSQL
Kiroboto umewahi kufunga kesi. Hiyo ikifyeka inafyeka majedwali yote, inayaunda upya yakiwa tupu. Majina na hisa yasingebaki. Ndo ile ile ya zamani ya onUpgrade yenye DROP TABLE IF EXISTS (amri ya kufuta jedwali) ambayo watu wanaikopi kwenye mafunzo ya mtandaoni bila kusoma. Hapa kuna kitu kinachagua watu.

#4 Mzee_wa_Bekapu
Kabla ya ubishi wowote, mleta uzi nisikilize. Mwambie katibu asiingize kitu kipya kwenye hiyo apu, asi"clear data", asiiondoe apu (uninstall), asipakue zile apu za kusafisha simu. Asiandikishe marejesho upya kwa huruma. Kila anachoandika sasa hivi kinakanyaga kile unachokitafuta. Kikao kijacho watumie daftari.
Na ukitaka kumtumia apk nyingine hakikisha umeisaini kwa ufunguo ule ule. Ukisaini kwa ufunguo wa laptopu nyingine simu itakataa, itamwambia apu haijawekwa, na mtu wa kawaida akiona hivo anafanya nini? Anaifuta ya zamani aweke mpya. Hapo databesi yote ya ndani inaondoka na apu yake. Nimeona duka la dawa linapoteza kumbukumbu za madeni kwa njia hiyo hiyo na aliyetuma apk alikua anamsisitiza mtu kwa simu "futa tu hiyo ya zamani".

#5 boss_wa_kisumu
Hapo kwa bekapu niko na wewe mzee. Lakini mimi nashuku WAL, lile faili la pembeni la kuandikia mambo mapya. Room by default inaandika kwa WAL isipokuwa simu ikiwa ya RAM ndogo sana, so ukiangalia pale databases utapata faili tatu, ile ya .db, ile ya -wal na ile ya -shm. Mambo mapya yanakaa kwa -wal kwanza, SQLite (injini ya databesi iliyo chini ya Room) kawaida inayaingiza kwa faili kubwa ikifika kurasa 1000 hivi ama apu ikifungwa vizuri. Mimi nilikopi .db peke yake ya chama yetu nikaipeleka simu mpya, nikaona miezi imepotea. Kumbe niliacha -wal nyuma.

#6 FundiSQL
> Mambo mapya yanakaa kwa -wal kwanza

Kweli kabisa, ila WAL ikipotea inaondoka na vya mwisho vya kila mtu, haiwezi kuchagua watu tisa na kuwaacha wengine. Halafu katibu hajahamisha simu. Ila ushauri wako wa faili tatu ashike, akija kutoa kopi achukue zote tatu.

#7 Bin_Forodhani
Assalaam alaykum. Ndugu zangu mmesahau jengine. Android ikiona databesi imeharibika, kile kishughulikia makosa chake cha kawaida kinalifuta faili lote, na apu ikifunguliwa inaunda jipya. Kimya kimya, mtumiaji haambiwi kitu. Simu ikizimika chaji katikati ya kuandika na hifadhi yake ikiwa mbovu haya hutokea.

#8 Kiroboto255
@Bin_Forodhani wa alaykum salaam, lakini hiyo nayo si inafuta LOTE? Mmenisuta mimi kwa hilo hilo 😂

#9 Bin_Forodhani
Haya nakubali, kwa kesi hii haifai. Lakini aiwekee logi, maana siku itakayotokea atatafuta mchawi.

#10 dada_mhasibu
Mimi siyo mtu wa kuandika programu za kompyuta, ni mhasibu, lakini swali la kwanza kwenye upotevu ni moja tu: hao tisa wanafanana nini? Walikopa mwezi mmoja? Wana mdhamini mmoja? Waliguswa na nani mara ya mwisho? Orodhesha kwenye karatasi, safu kwa safu. Jibu linakuwa kwenye ile safu ambayo wote wamejaza kitu kilekile.

#11 kijana_wa_kahama
@dada_mhasibu asante sana. Nimekaa na katibu tumeorodhesha. Saba kati ya tisa walibadilishiwa namba ya simu wiki ile ile, maana alikua anasafisha orodha, wengine laini zao zilikufa. Wawili anasema hakuwagusa kabisa. Kati ya hao wawili mmoja mkopo wake haujawekewa mdhamini, mwingine anaye.
Kwenye kuhifadhi mwanachama kuna @Insert(onConflict = OnConflictStrategy.REPLACE). Jedwali la marejesho lina FOREIGN KEY (kiungo) kwenda kwa wanachama na ON DELETE CASCADE. Hisa na mikopo hazina, ni majedwali ya mwanzo.

#12 msukuma_wa_kotlin
Hapo hapo! Simama hapo. REPLACE kwenye SQLite hairekebishi safu (mstari wa mtu kwenye jedwali). Inaifuta safu ya zamani halafu inaingiza mpya yenye id ile ile. Kwa macho unaona mwanachama yupo, jina lipo, namba mpya ipo, unasema kila kitu safi. Lakini pale katikati, kwa kitambo kidogo sana, mwanachama alifutwa, na ON DELETE CASCADE kazi yake ni kufuta watoto wa aliyefutwa. Ni kama kuchana ukurasa wa daftari uandike upya jina vizuri, risiti zote zilizobanwa kwa pini kwenye ule ukurasa zimeenda na ukurasa wake.
Ndo maana hisa zimebaki, hazina CASCADE. Ndo maana mikopo imebaki. Ndo maana waliobadilishiwa namba ndo walioumia. Tumia @Update, au @Upsert kama Room yako ni 2.5 kwenda mbele, hiyo inajaribu kuingiza, ikigonga inarekebisha, haifuti.

#13 lojiki_tupu
Msukuma pole pole. Ninavyojua REPLACE ikifuta safu haifyatui trigger (amri zinazojiendesha zenyewe) za DELETE. Sasa CASCADE imefanyaje kazi?

#14 FundiSQL
@lojiki_tupu unachanganya vitu viwili. Trigger za DELETE kweli hazifyatuki wakati wa REPLACE mpaka recursive_triggers iwashwe. Ila CASCADE ya FOREIGN KEY inafanya kazi kama kawaida. Kinachotakiwa ni swichi ya PRAGMA foreign_keys iwe imewashwa, na kwenye SQLite tupu huwa imezimwa, lakini Room ikiona umetangaza foreignKeys inaiwasha yenyewe. Kwa hiyo msukuma yuko sahihi kwa upande huo.

#15 lojiki_tupu
Sawa nimeelewa asante. Lakini bado mna watu wawili hawajaguswa, na msukuma kawaruka. Mimi naona toleo jipya limeongeza MDHAMINI. Mleta uzi, ile orodha ya marejesho unaipataje? Naomba Mungu usije ukasema JOIN (kuunganisha majedwali).

#16 kijana_wa_kahama
Ni JOIN mkuu. marejesho JOIN mikopo JOIN wadhamini, ili jina la mdhamini litokee chini ya kila mkopo. Na jumla ya kilicholipwa inatoka humo humo.

#17 lojiki_tupu
Basi sikilizeni. JOIN ya kawaida inataka pande zote mbili ziwe na kitu. Mkopo ambao mdhamini_id yake ni NULL (tupu) hauna wa kushikana naye kwenye wadhamini, kwa hiyo unaondoka kwenye majibu pamoja na marejesho yake yote. Data IPO. Haionekani tu. Katibu baada ya toleo jipya alianza kujaza wadhamini wa mikopo ya zamani, aliowajaza wanaonekana, aliowaruka wamepotea. Badilisha iwe LEFT JOIN, inayobakiza mkopo hata usipokuwa na mdhamini, na nina imani nusu ya hao tisa watarudi bila kurejesha chochote.
Ndo maana napinga watu kukimbilia neno "imefutwa". Kabla hujasema imefutwa hesabu safu kwenye jedwali lenyewe bila JOIN bila WHERE (kichujio) bila chochote.

#18 msukuma_wa_kotlin
Itaeleza mmoja, yule asiye na mdhamini. Saba wangu ni wangu.

#19 mama_hisa
Habari za mchana wanangu. Mimi ni katibu wa kikundi Morogoro, huo uzi kanitumia binti yangu. Nimesoma sehemu ile ya minong'ono nikasikia uchungu, maana ilishanikuta. Apu ilionyesha mfuko wa jamii umepungua, watu wakaniangalia vibaya kikao kizima, na hela yenyewe ilikuwepo sandukuni tukaihesabu mbele ya wote ikatimia.
Mwanangu wa Kahama, waambie wanakikundi walete vitabu vyao. Kila mwanachama ana kitabu, hisa zina mihuri, na marejesho yanaandikwa upande wa mikopo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo hata hela haiwezi kuliwa na katibu peke yake. Someni vitabu kwa sauti mbele ya kikao, mtu kwa mtu. Usimwache huyo mama ajitetee peke yake, simama naye wewe uliyeandika hiyo apu.

#20 dada_mhasibu
@mama_hisa umenena mama yangu. Na wanaolipa kwa simu wana ujumbe wa muamala, una tarehe na kiasi na jina. Hicho ni kielelezo tosha. Vitabu, ujumbe wa simu, na pesa ya sandukuni, hivyo vitatu vikikubaliana hakuna mtu wa kumshika katibu shati.

#21 Kiroboto255
Shikamoo mama. Hivi mnajua huu utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulitokea Niger? Shirika la CARE walianza na akina mama wa Maradi mwaka 1991, ndo ukasambaa Afrika hadi huku kwetu. Wale wa mwanzo wengi hawakujua kusoma, walikua wanakariri hesabu kwa kichwa kikao kizima. Hakuna WAL hakuna CASCADE.

#22 msukuma_wa_kotlin
Kiroboto leo umeleta kitu cha maana, tunashukuru 😄 Urudi sasa utueleze ile kesi uliyoifunga #2.

#23 boss_wa_kisumu
Niongeze kitu. Hiyo apu iko kwa simu ngapi? Chama yetu ilikuwa na katibu na mweka hazina, kila mtu na simu yake, kila simu inajitengenezea id 1, 2, 3. Siku ya kuunganisha data, malipo namba 57 ya katibu na malipo namba 57 ya mweka hazina ni ya watu tofauti kabisa, lakini kwa seva ni 57 na 57, REPLACE ikala moja. Hakuna mtu alifuta kitu. Tukahamia UUID (id ndefu ya kubahatisha isiyogongana) na hiyo shida ikaisha. Ukiwa na simu mbili, id ya kuongeza moja moja ni hatari.

#24 kijana_wa_kahama
@boss_wa_kisumu mweka hazina anayo ila ya kuangalia tu, katibu anamtumia faili akimaliza kikao, akilifungua linaingizwa kwenye simu yake. Haandiki.
@mama_hisa shikamoo mama, asante, nimesoma mara mbili ulichoandika. Nitaenda kikao kijacho mwenyewe.

#25 Mzee_wa_Bekapu
Hebu tuache kubahatisha, faili umelipata au bado? Tunabishana juu ya maiti ambayo hatujaiona. Kama apk ni ya release (siyo ya majaribio) run-as, amri ya kuingia kwenye data ya apu, itakukatalia, itasema haiko debuggable. Adb backup, ya kutoa bekapu kupitia kompyuta, nayo usiihangaikie, kuanzia Android 12 haichukui data ya apu zinazolenga toleo hilo kwenda mbele. Njia safi ni utengeneze toleo lenye kitufe cha kutoa kopi, lisaini kwa ufunguo ule ule, weka JUU ya lililopo. Kitufe kiendeshe PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE) kwanza, ili ya -wal yaingie kwenye .db, ndio kikopi faili. Toleo hilo lisibadilishe kitu kingine chochote, hata rangi.

#26 kijana_wa_kahama
Nimefanya hivo hivo, nimepata faili, integrity_check (kipimo cha uzima wa databesi) inasema ok. Haya ndo majibu:

SELECT COUNT(*) FROM marejesho → 331
SELECT seq FROM sqlite_sequence WHERE name = 'marejesho' → 412

Nikaangalia mtu mmoja mmoja bila JOIN. Sita kati ya wale saba wa namba za simu hawana safu hata moja. Wa saba safu zake ZOTE zipo, na alibadilishiwa namba kama wenzake. Yule asiye na mdhamini safu zake zote zipo pia. Wa tisa, asiyeguswa na mwenye mdhamini, ana nusu tu, za mwanzo zipo, za karibuni hazipo.

#27 msukuma_wa_kotlin
Sita hawana kitu! CASCADE hiyo. 412 toa 331 ni 81, gawanya kwa sita, kila mtu kama 13 na ushee, marejesho ya kila wiki kwa miezi mitatu. Inakaa kabisa.

#28 FundiSQL
Usiharakishe na hiyo 81. sqlite_sequence inakumbuka namba kubwa iliyowahi kutumika, haikwambii kilichofutwa. Katibu akikosea kiasi akafuta akaandika tena, pengo. Insert ikigonga sharti la UNIQUE ikashindwa, namba yake inaweza isirudi, pengo jingine. Kwa hiyo 81 ni kiwango cha juu, siyo idadi ya marejesho yaliyopotea. Hesabu vitabu vya hao sita halafu ulinganishe. Vikitoa 81 kamili msukuma kashinda, vikitoa 60 kuna kitu kingine humo ndani.
Pia angalia mapengo yamekaaje. CASCADE inafuta marejesho ya mtu mmoja ambayo yametawanyika katikati ya ya wengine, id moja kila kikao. Ukikuta pengo limekaa mfululizo kama 300 mpaka 340, hiyo siyo CASCADE.

#29 lojiki_tupu
Na yule wa saba mnamweka wapi? Kabadilishiwa namba, safu zipo zote. CASCADE ingemla na yeye. Mimi nasema mkopo wake hauna mdhamini, kafichwa na JOIN.

#30 msukuma_wa_kotlin
Labda alibadilishiwa kabla toleo jipya halijawekwa. Au katibu aliandika namba akasahau kubonyeza hifadhi. @kijana_wa_kahama namba iliyopo kwenye databesi ni mpya au ya zamani?

#31 kijana_wa_kahama
Ni mpya. Na mdhamini anaye, nimeangalia sasa hivi, ila mdhamini_id yake inaelekeza kwa mtu ambaye hayupo kwenye jedwali la wadhamini.

#32 lojiki_tupu
JOIN! Mdhamini hewa ni sawa na NULL, hakuna wa kushikana naye.

#33 FundiSQL
JOIN inaeleza kwanini haonekani. Haielezi kwanini CASCADE ilimruka. Na huyo mdhamini katoweka vipi? Wadhamini nao wana REPLACE?

#34 kijana_wa_kahama
Wadhamini wanaingizwa na IGNORE.

#35 boss_wa_kisumu
IGNORE ndio mbaya zaidi maze. REPLACE angalau inakuachia mpya. IGNORE ikigonga inatupa ulichoandika na inarudisha -1, apu ikichukua hiyo -1 kama id inaenda kuiandika kwa mkopo. Angalia mdhamini_id yake si -1?

#36 kijana_wa_kahama
Ni -1.

#37 boss_wa_kisumu
Basi huyo amepatikana. Mwambie hela yake iko.

#38 mama_hisa
Mungu ni mwema. Mpigie katibu simu sasa hivi usisubiri kikao.

#39 kijana_wa_kahama
Nimempigia mama. Kanyamaza kidogo halafu akaniuliza "na wale sita je?" Nikamwambia tunaendelea, vitabu vyao anavikusanya leo.

#40 Mzee_wa_Bekapu
Kuhusu hao sita. Umesema katibu anamtumia mweka hazina faili kila baada ya kikao. Hayo mafaili yako wapi? WhatsApp haifuti nyaraka yenyewe, yatakua kwenye simu ya mweka hazina labda yote. La kabla ya toleo jipya lina marejesho ya hao watu. Lichukue, LIKOPI, usilifungue kwa apu, lifungue kwa kompyuta.

#41 dada_mhasibu
Mzee hilo ni wazo la hela nyingi. Na hata mkiyapata bado vitabu visomwe, maana faili la wiki iliyopita halijui kilicholipwa wiki hii.

#42 kijana_wa_kahama
Sikuliwaza hilo. Mweka hazina yuko shamba, anarudi jioni, nitaenda kwake.

#43 Bin_Forodhani
Mmemsahau wa tisa. Nusu ipo, nusu haipo, hakuguswa, mdhamini anaye. CASCADE haifuti nusu na JOIN haifichi nusu. Huyu mimi namshuku tarehe. Marejesho yake ya karibuni yameangukia mwezi gani, na tarehe umezihifadhi kwa namba au kwa maandishi? Kama ni maandishi, 2025-9-7 inakuja baada ya 2025-10-5 ukizipanga, maana SQLite inalinganisha herufi kwa herufi, na BETWEEN yako (kichujio cha kuanzia tarehe fulani mpaka fulani) itaziacha nje. Halafu kile kichagua tarehe cha Android kinaanza kuhesabu miezi kwenye sifuri, mtu asipoongeza moja Januari inakuwa mwezi 0.

#44 lojiki_tupu
Lakini #26 kasema ameangalia bila JOIN na safu hazipo. BETWEEN haihusiki hapo.

#45 Bin_Forodhani
Kasema bila JOIN, hakusema bila WHERE. Ndugu yangu wa Kahama tuwekee hapa hiyo SELECT uliyoandika kwa huyo wa tisa, nzima kama ilivyo, na safu zake tatu za mwisho.